Mwongozo kamili wa kuondoa nitrati kwenye maji kwa kutumia bakteria

Maji yenye nitrati ukiyachemsha saa nzima, utabaki na maji pungufu yenye nitrati ileile. Chumvi hii haipandi na mvuke, haitui chini kama tope, haikamatwi na kitambaa wala mchanga, na klorini haiiondoi. Hata udongo hauwezi kuishika: chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, nitrati nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Mvua ikinyesha kwenye shamba lililotiwa mbolea kupita mahitaji ya mimea, au kwenye zizi lililojaa samadi, nitrati huteremka na maji hadi kisimani, bwawani au mtoni.

Wapo viumbe wanaoimaliza, na wamo tayari kwenye udongo unaoukanyaga. Ni bakteria ambao, wakinyimwa oksijeni, huipumua nitrati badala yake. Ndiyo, huipumua, si kwamba wanaila. Wengi wanaoshindwa kazi hii hushindwa kwa kutojua tofauti hiyo: wananunua chupa ya bakteria, wanaimimina kwenye tangi lenye hewa tele, kisha wanalaumu bakteria. Bakteria hawakosekani. Kazi yako ni kuwanyima hewa, kuwalisha, na kuwapa muda wa kutosha na maji yako.

Mwongozo huu unahusu hasa mtaro wa vipande vya mbao, kwa sababu ndio mtambo ambao mtu asiye mhandisi anaweza kuujenga na ukafanya kazi kwa miaka. Unafaa kwa maji yanayotoka shambani, kwenye vitalu, kwenye mabwawa ya samaki au kwenye maji taka ambayo tayari yamesafishwa kwa hewa. Si mtambo wa maji ya kunywa, na nitaeleza sababu mbele.

Kinachotokea ndani

Mchakato wenyewe unaitwa denitrifikesheni. Wanasayansi wawili wa Ufaransa, Gayon na Dupetit, ndio waliouchunguza kwa kina katika miaka ya 1880. Bakteria wanaouweza ni wengi na wa koo mbalimbali. Pseudomonas na Paracoccus ndio wanaotajwa zaidi. Nitrati hugeuka nitriti, nitriti ikawa gesi ya naitriki oksaidi, hiyo ikawa naitrasi oksaidi, na mwisho ikawa gesi ya nitrojeni, ileile inayojaza asilimia 78 ya angahewa. Nitrojeni inatoka majini kama mapovu na kurudi hewani.

Ni ngazi ya vidato vinne, na kila kidato kina kimeng'enya chake, yaani protini inayofanya kazi ya kidato hicho. Safari ikikatikia kwenye kidato cha kwanza, unabaki na nitriti, ambayo ni sumu kali kuliko nitrati uliyotaka kuiondoa. Ikikatikia kwenye kidato cha tatu, unatoa naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto takribani mara 273 ya kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Kimeng'enya cha mwisho ndicho chepesi kuharibika: oksijeni kidogo au maji yenye asidi hukizima kabla ya vingine. Kwa hiyo mtambo unaofanya kazi nusunusu unaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa nao kabisa.

Oksijeni ikiwepo, bakteria hawa huichagua kwanza, kwa sababu inawapa nishati zaidi. Wanaanza kuigeukia nitrati pale oksijeni iliyoyeyuka majini inaposhuka chini ya takribani nusu miligramu kwa lita. Maji ya bomba au ya kijito yana miligramu 7 hadi 9. Kabla ya kugusa nitrati yako, lazima waimalize hiyo, na kuimaliza kunagharimu chakula.

Hatua ya 1: Pima, na ujue unapima nini

Hapa ndipo watu wanapotea kabla hata hawajachimba. Kuna maabara na vipimo vinavyotoa jibu kwa "nitrati" nzima (NO3), na vingine kwa "nitrojeni iliyo ndani ya nitrati" (NO3-N). Namba ya kwanza ni mara 4.43 ya namba ya pili. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za nitrati kwa lita, sawa na 11.3 za nitrojeni. Marekani inatumia 10, lakini ni 10 za nitrojeni. Mtu akichanganya hizi mbili atadhani maji yake ni salama kumbe yamevuka kikomo mara nne. Soma maandishi kwenye kisanduku cha kipimo, na kila unapoandika namba andika na aina yake.

Pima nitrati, nitriti, amonia, pH na joto la maji. Pima pia baada ya mvua kubwa, kwa sababu maji ya kiangazi na maji ya siku tatu baada ya gharika si maji yaleyale. Karatasi za kuchovya zinatosha kwa kufuatilia, ila kwa namba utakazojengea mtambo peleka sampuli maabara angalau mara mbili. Na jihadhari: vipimo vingi vya rangi hugeuza nitrati kuwa nitriti kwanza, ndipo rangi itokee. Maji yako yakiwa na nitriti nyingi, kipimo cha nitrati kitasoma juu kuliko ukweli.

Kisha pima kiasi cha maji. Ndoo ya lita 20 na saa vinatosha: hesabu sekunde inazochukua kujaa, rudia mara tano, chukua wastani. Fanya hivyo wakati maji ni machache na wakati ni mengi.

Ukikuta amonia nyingi, simama. Bakteria wa denitrifikesheni hawaiondoi amonia. Hiyo inahitaji kwanza bakteria wa aina nyingine, wanaopenda hewa, waigeuze kuwa nitrati. Ndipo zamu ya hawa ifike. Vivyo hivyo usitegemee mtambo huu uondoe vijidudu vya magonjwa au metali nzito.

Hatua ya 2: Chagua mbao

Chakula cha bakteria hawa ni kaboni. Vipande vya mbao vinashinda vyakula vingine kwa jambo moja: vinaoza polepole. Havihitaji pampu ya kudondoshea, havihitaji mtu wa kuamka usiku, na mtaro mmoja unaweza kulisha bakteria kwa miaka 10 au zaidi maadamu vipande vinakaa chini ya maji. Vikikauka na kulowana mara kwa mara huoza haraka na muda huo hupungua sana.

Tafuta vipande vya milimita 10 hadi 30, vilivyokatwa kwa mashine, visivyo na majani wala udongo. Maranda na vumbi la mbao achana navyo: vina kaboni tele lakini vinaziba, na mtaro ulioziba hautibu chochote. Chekecha vumbi lote. Mbao zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya mchwa hazifai hata kidogo. Miti yenye tanini nyingi kama mwaloni, au yenye mafuta ya kunukia kama mwerezi, nayo iepuke, maana vitu hivyo vinatiririka na maji.

Magunzi ya mahindi yanafanya kazi kwa kasi kubwa zaidi, na kuna wanaoyapenda kwa hilo. Mimi naona yanafaa kwa mtambo wa msimu mmoja tu. Yanaachia kaboni nyingi mwanzoni, yanachafua maji yanayotoka, kisha yanajikunyata na kukuachia mtaro uliozama.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Unahitaji namba tatu: maji kwa siku, nitrojeni ya kuondoa, na kasi ya bakteria. Kasi katika mitaro ya vipande vya mbao iliyopimwa sehemu mbalimbali kwa kawaida huwa kati ya gramu 2 na 22 za nitrojeni kwa kila mita ya ujazo ya vipande kwa siku. Upana huo unatokana hasa na joto: maji yakipata nyuzi 10 zaidi, kasi huongezeka karibu mara mbili. Umri wa mbao nao una sehemu yake, kwani mwaka wa kwanza huwa na kasi ambayo haitarudi. Ukitumia kasi ya mwaka wa kwanza kujengea, utajuta mwaka wa tatu.

Tuchukue mfano. Una maji mita za ujazo 10 kwa siku, yenye miligramu 100 za nitrati kwa lita, na unataka yatoke na 30. Geuza kwanza kuwa nitrojeni: 100 gawanya kwa 4.43 ni 22.6, 30 gawanya kwa 4.43 ni 6.8. Unaondoa 15.8 kwa lita. Lita 10,000 mara miligramu 15.8 ni gramu 158 za nitrojeni kwa siku. Ukichukua kasi ya uangalifu ya gramu 6, unahitaji 158 gawanya kwa 6, yaani mita za ujazo 26.3 za vipande. Mtaro wa urefu wa mita 11, upana mita 2 na kina cha vipande mita 1.2 unakupa 26.4.

Sasa muda wa maji kukaa ndani. Kati ya vipande kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayobeba maji. Ipime mwenyewe: loweka vipande usiku kucha, vichuje, jaza ndoo ya lita 20, kisha mimina maji kwa kipimo mpaka yafike ukingoni. Zikiingia lita 12, nafasi ni 0.6. Mtaro wetu basi unabeba mita za ujazo 15.8 za maji, na kwa mita 10 kwa siku maji yanakaa ndani karibu saa 38.

Utaona sikulenga sifuri. Ni kwa makusudi. Nitrati ikiisha kabla maji hayajafika mwisho wa mtaro, bakteria wengine wanaochukua zamu hupumua salfeti, na hao hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai yaliyooza. Mazingira hayo pia ndiyo yanayoweza kuigeuza zebaki iliyopo kuwa aina inayojilimbikiza kwenye samaki. Acha nitrati kidogo itoke.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye pipa

Usichimbe bado. Chukua pipa la lita 200 lenye mfuniko, weka bomba linaloshusha maji hadi chini kabisa, jaza vipande, na toboa tundu la kutokea karibu na juu ili maji yapande kutoka chini. Maji yakipanda yanatoa hewa na mapovu nje. Yakishuka yanajitafutia njia za mkato.

Kwa mfano wetu, pipa lina sehemu ya 1 kwa 132 ya ukubwa wa mtaro, kwa hiyo linapokea karibu lita 76 kwa siku, yaani mililita 53 kwa dakika. Ni mdondoko wa polepole, na koki ya kawaida haitaushika bila kuziba. Njia rahisi ni tangi dogo juu lenye boya la kuweka kimo kimoja cha maji, na kimpira chembamba kilichofungwa kwa kibanio. Kiangalie kila siku.

Pipa litakufundisha mambo ambayo hakuna mwongozo utakaokuambia: kasi ya mbao zako, katika maji yako, kwa joto lako. Liendeshe wiki 6 hadi 8. Wiki mbili za mwanzo puuza matokeo, maana vipande vibichi huachia kaboni nyingi na pipa lolote hung'ara. Ukishapata namba zinazojirudia, rudi Hatua ya 3 na uweke kasi yako halisi badala ya 6 yangu.

Hatua ya 5: Chimba na ujenge

Chimba mtaro mrefu na mwembamba, urefu angalau mara nne ya upana; mtaro wa mraba una pembe ambazo maji hayafiki kamwe. Sakafu iwe tambarare au iteremke kidogo sana, na uithibitishe kwa pima maji ya mpira. Tandika nailoni nzito ya bwawa sakafuni na kwenye kuta. Bila nailoni, maji ya ardhini yataingia au yako yatatoroka, na hutajua kama nitrati imeondolewa au imechanganyika tu na maji mengine.

Upande wa kuingilia laza bomba lenye matundu likivuka upana wote, ili maji yaingie kama ukuta na si kama mshale. Upande wa kutokea laza jingine sakafuni. Bomba la kutokea litoke nje ya mtaro na kuishia na kiwiko kinachozunguka, kikiangalia juu. Ukikisimamisha wima, kina cha maji ndani kinapanda, ukikilaza, kinashuka. Kiwiko hicho kimoja ndicho usukani wa mtambo mzima: kinaamua kiasi gani cha mbao kiko chini ya maji na maji yanakaa muda gani. Kiweke mahali unapoweza kukifikia bila kuchimba.

Kabla ya mtaro weka kisanduku kidogo cha kutulizia tope, na bomba la kumwaga maji ya ziada. Siku ya mvua kubwa acha ziada ipite pembeni. Ukiyalazimisha maji yote yapite, yataleta tope na oksijeni na kuvuruga kazi ya wiki nzima.

Jaza vipande, uvipandishe kama kilima, kwa sababu vitashuka. Katikati ya mtaro simamisha bomba la matundu lenye kifuniko, la kuchotea sampuli. Funika vipande kwa kitambaa kizito kinachopitisha maji, halafu udongo wa sentimita 30. Udongo huo unazuia hewa, unazuia mbu, na unazuia watoto.

Nikishataja watoto, niseme na la wakubwa: usiingie kwenye kisanduku au shimo la mtambo huu lililokwisha kufanya kazi, hata kwa dakika moja kuokota koki. Gesi zinazokaa humo hazina oksijeni, na haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa kabla haijakuua wewe.

Hatua ya 6: Kuwaamsha bakteria

Chota ndoo mbili za tope kutoka chini ya bwawa au mtaro wa maji yaliyotuama, lipitishe kwenye chekeche, na ulimimine upande wa kuingilia. Hata bila hiyo wangefika; tope linawahi tu siku kadhaa. Jaza mtaro maji, funga njia ya kutokea, na acha siku tatu hadi tano.

Ukifungua, maji yatatoka ya rangi ya chai ya mkandaa na yenye harufu. Ni tanini na sukari za mbao. Yamejaa kaboni, na yakiingia kwenye bwawa la samaki yatanyonya oksijeni yote na kuwaua samaki. Yamwage kwenye nyasi au shamba, mbali na maji yoyote, hadi rangi ipungue. Hilo huchukua wiki kadhaa. Usiwe na haraka.

Hatua ya 7: Kusoma mtaro

Mtaro ukishaanza, kazi yako ni ya mganga na mgonjwa wake: kupima na kutazama dalili. Kila wiki pima nitrati na nitriti mahali pa kuingilia, katikati na pa kutokea. Mara moja kwa mwezi pima kloridi pia, chumvi ambayo bakteria hawa hawaigusi. Ukiona nitrati imeshuka nusu na kloridi nayo imeshuka nusu, bakteria hawajafanya kitu; maji ya mvua yameingia na kupunguza vyote viwili. Kloridi ikibaki palepale na nitrati ikashuka, hapo umepata.

Nitriti ikipanda wiki za mwanzo, vumilia. Bakteria wa kidato cha kwanza huongezeka haraka kuliko wa kidato cha pili, na siku hizo za katikati nitriti hupanda kisha ikashuka yenyewe. Isiposhuka baada ya mwezi, kuna sababu. Mara nyingi maji yanapita haraka mno: inua kiwiko, au punguza maji yanayoingia. Kama ni msimu wa baridi, jibu ni lilelile. Kama maji yako ni ya kisima safi sana, huenda fosforasi ndiyo inayokosekana, kwani bakteria hawajengi miili kwa kaboni peke yake. Hili hutokea mara chache kwa maji ya shambani, ambayo yana fosforasi ya kutosha na kusaza.

Ukisikia mayai yaliyooza, nitrati imekwisha njiani. Wengi hupunguza maji wakidhani mtambo umezidiwa, na harufu inazidi. Fanya kinyume: ongeza maji, au laza kiwiko ili kina kipungue.

Amonia ikitokea mahali pa kutokea kuliko pa kuingilia, ni mbao mpya zinazooza, au ni bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa amonia badala ya gesi. Hao hushamiri pale chakula ni kingi na nitrati ni chache, yaani hali ileile inayoleta harufu. Tiba ni ileile.

Nitrati isiposhuka kabisa, kabla ya kulaumu bakteria shuku njia ya mkato. Yeyusha chumvi ya jikoni kilo chache kwenye maji, imimine yote kwa mkupuo pa kuingilia, kisha pima uwezo wa maji kupitisha umeme pa kutokea kila saa kwa kipima-chumvi cha mkononi. Katika mfano wetu kilele cha chumvi kinapaswa kufika karibu saa ya 38. Kikifika saa ya 6, maji yamejichongea njia juu ya vipande au pembeni mwa nailoni, na mbao zilizobaki zimekaa bure. Fukua, panga upya, simamisha kizuizi cha plastiki katikati kitakacholazimisha maji yapite chini.

Maji yakianza kurudi nyuma pa kuingilia, mita ya kwanza imeziba kwa tope na ute. Toa vipande vya mita hiyo moja, weka vipya. Si lazima ufukue vyote.

pH haitakusumbua, kwa sababu bakteria hawa hurudisha uwezo wa maji kuhimili asidi, takribani gramu 3.6, kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti, kwa kila gramu ya nitrojeni wanayoiondoa. Kati ya 6.5 na 8.5 wanafanya kazi vizuri.

Kama huna nafasi ya mtaro

Chakula cha bakteria kilicho kimiminika kinafanya kazi kwenye nafasi ndogo mno, kwa mchanga mnene au kokoto ndogo badala ya mbao. Viwanda vikubwa vya maji taka hutumia methanoli, karibu gramu 2.5 kwa gramu ya nitrojeni, na nyongeza ya kumalizia oksijeni. Methanoli ni sumu inayopofusha na inayowaka kwa mwali usioonekana mchana. Mtu asiye na mafunzo aachane nayo. Siki inatosha kwa kazi ndogo. Kwa lita 200 kwa siku, ukiondoa miligramu 15.8 zilezile za nitrojeni kwa lita, unahitaji kama gramu 11 za asidi ya asetiki, na mbili zaidi za kumalizia oksijeni. Siki ya asilimia 5 ina gramu 50 kwa lita, kwa hiyo ni karibu robo lita kwa siku, ikidondoka taratibu mchana na usiku. Usiimwage kwa mkupuo asubuhi, maana bakteria watashiba saa mbili na kulala njaa saa 22. Ukizidisha, kaboni inatoka na maji; ukipunguza, inatoka nitriti. Na ute utaziba kichujio kila baada ya siku chache, kwa hiyo lazima uweze kukisukuma maji kinyumenyume.

Njia ya tatu ni salfa ya punje iliyochanganywa na mawe ya chokaa. Hapa anayefanya kazi ni Thiobacillus denitrificans, ambaye hali kaboni ya mbao bali hupata nguvu kutoka salfa yenyewe. Ute ni mchache na kuziba ni nadra. Gharama yake ni salfeti, kama gramu 7.5 kwa kila gramu ya nitrojeni, pamoja na asidi, ndiyo maana ya chokaa. Katika mfano wetu maji yangetoka na salfeti miligramu 118 zaidi kwa lita.

Kuhusu maji ya kunywa

Inawezekana, Ufaransa na Ujerumani zimekuwa na mitambo ya namna hiyo tangu miaka ya 1980. Lakini baada ya bakteria maji hupigwa hewa, huchujwa tena, na kuuliwa vijidudu, na kuna mtu anayepima nitriti mchana kutwa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa nitriti ni miligramu 3 kwa lita, na siku moja ya pampu ya siki kukwama inatosha kukivuka. Nitriti pia hula klorini: miligramu moja ya nitrojeni yake hunyonya karibu miligramu 5 za klorini, kwa hiyo maji yanabaki bila kinga ya vijidudu na mwenyewe hujui.

Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya unga. Nitriti hufunga damu isibebe oksijeni, na mtoto hugeuka rangi ya samawati kwenye midomo na kucha. Daktari Hunter Comly aliliandika hilo mwaka 1945 kutoka jimbo la Iowa, akiufuatilia ugonjwa hadi kwenye visima vya mashambani. Kwa mtoto huyo tafuta maji ya chanzo kingine leo, sio baada ya mtaro kukamilika. Mtaro ulinde kisima kwa kusafisha maji ya shambani kabla hayajakifikia.

Vipande vikichoka

Dalili ya mbao kuchoka ni kasi kushuka mwaka hadi mwaka kwa joto lilelile. Piga hesabu kila msimu: nitrati ya kuingia toa ya kutoka, kwa kipimo cha nitrojeni, zidisha kwa maji ya siku, gawanya kwa ujazo wa vipande. Gramu 6 ikiwa 3, na chumvi haionyeshi njia ya mkato, panga kubadilisha. Vipande vimeshuka pia, kwa hiyo anza kwa kuongeza vipya juu. Mara nyingi hilo linakupa miaka miwili mitatu zaidi kabla ya kufukua vyote. Vya zamani vianike vikauke, kisha vitandaze shambani kama matandazo, kwenye mistari ya mimea na si juu ya mbegu changa, kwa sababu vikiendelea kuoza vitavuta nitrojeni ya udongo kwa muda.